KATALIZERI IKIZIBA: TUITOE AO TUIACHE?

Somo la mekanike, limetayarishwa na sisi wanafunzi wa mwaka wa 5 pamoja na mwalimu wetu



Wengi wenu mnakumbuka ile Ijumaa ya mvua, wakati mwenzetu mmoja wa internati alishikwa na homa kali usiku na minibusi ya masomo ikampeleka hospitali. Wawili kati yetu tulikuwa ndani pamoja na mlinzi wa internati. Njia ni fupi, kwa kawaida dakika kumi na tano tu. Usiku ule tulitumia karibu saa moja. Shofere alikanyaga mpaka chini, motere ikalia sana, lakini motokari haikupita kilomita 30 kwa saa. Kwenye kilima mtu wa baiskeli alitupita. Sakafu chini ya miguu yetu ilikuwa ya moto kama sufuria, na harufu ya mayai yaliyooza ilijaa ndani. Mgonjwa alikuwa amelazwa kwenye kiti cha nyuma, anatetemeka. Tunamshukuru Mungu, tulifika. Mwenzetu alipata dawa, na leo yuko darasani pamoja nasi. Lakini tulijiuliza: na kama ungekuwa ugonjwa usiongoja?

Kesho yake minibusi ilivutwa kwa kamba mpaka garaji moja ya mjini. Fundi aliinama, akagonga chini kwa ufunguo, akasema: «Katalizeri imeziba. Muniachie, nitaitoa bure, nitaweka bomba tupu pahali pake. Saa moja tu, mutaenda.» Ekonome alifurahi, sababu ilikuwa mwisho wa mwezi na sanduku la pesa lilikuwa jepesi. Mwalimu wetu wa mekanike alinyamaza kidogo, kiisha akauliza maswali mawili: «Ni nini iliyoiziba? Na kwa nini bure?»

Fundi hakujibu la kwanza wala la pili. Basi minibusi ilirudi masomoni kwa kamba vilevile, na juma lililofuata ikawa ubao wetu wa kujifunzia. Katika somo hili tunataka kuwagawia yale tuliyopata kwa mikono yetu na vitabu vyetu. Si kwa wanafunzi wa mekanike peke yao. Kila mtu anayepanda motokari, ao anayevuta hewa kando ya barabara, jambo hili linamhusu.

1. KATALIZERI NI NINI?

Ukilala chini ya motokari ya esansi iliyotengenezwa karibuni, ufuate bomba la moshi toka kwa motere kwenda nyuma, utakuta kopo la chuma lililovimba kama mtu aliyemeza kiazi. Halipaswi kuchanganywa na kopo la pili la nyuma, ambalo kazi yake ni kupunguza kelele tu. Lile la kwanza ndiyo katalizeri.

Ndani yake hakuna mashini inayozunguka. Kuna jiwe jeupe la udongo uliochomwa, lenye matundu madogo sana yanayopita toka upande mmoja mpaka mwingine, kama sega la nyuki. Katika santimetri moja ya mraba mnaweza kuhesabu matundu 60 hivi. Juu ya kuta za matundu yale wamepaka madini ya bei kali: platini, paladiumu na rodiumu. Ni gramu chache tu kwa motokari moja, lakini zimetandazwa nyembamba sana, ili moshi wote uguse.

Mwenzetu mmoja aliuliza kama katalizeri ni chujio, kama lile la hewa ao la mafuta. Hapana. Chujio linakamata uchafu na kuubakiza. Katalizeri haibakizi kitu, inageuza. Wale waliosoma kemia wanajua kwamba katalizeri ni kitu kinachoharakisha kazi ya vitu vingine bila chenyewe kuisha. Kwa hiyo, katalizeri nzima isiyopata ajali inaweza kutumika kilomita zaidi ya laki moja. Haizibi kwa uzee tu. Tushike neno hili, litatusaidia mbele.

2. KAZI YAKE

Motere ikichoma esansi vizuri, inatoa mvuke wa maji na gazi ya kaboni ile tunayotoa hata sisi tukipumua. Lakini hakuna motere inayochoma vizuri kabisa. Pamoja na gazi hizo zinatoka nyingine tatu mbaya:

a) Oksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu. Inashika damu yetu kwa nguvu kupita oksijeni mara 200 na zaidi. Mtu anayeivuta anaumwa kichwa, analegea, analala, na akiendelea anakufa bila kujua kama anakufa.

b) Esansi ambayo haikuchomwa. Inanuka, inawasha macho, na mingine inaleta kansa.

c) Oksidi za azote. Zinaumiza mapafu, zaidi ya watoto na ya wenye asma. Zikikutana na esansi isiyochomwa chini ya jua kali, zinatengeneza ozoni, nayo inachoma kifua.

Katalizeri ikiwa moto, digri 300 na kupita, inageuza hizi tatu: oksidi ya kaboni inakuwa gazi ya kaboni, esansi inakuwa maji na gazi ya kaboni, oksidi za azote zinakuwa azote, yaani hewa ya kawaida. Ikiwa nzima na yenye joto, inaondoa zaidi ya 90 kwa mia ya gazi hizo mbaya. Ikiwa baridi haifanyi kitu karibu. Ndiyo sababu motokari inanuka zaidi asubuhi ikiwashwa.

Ili kazi hii iende, motere inapaswa kupewa chakula kwa kipimo: kilo 14,7 za hewa kwa kilo moja ya esansi. Mpimaji ni sonda inayofungwa kwenye bomba mbele ya katalizeri. Inaonja moshi na kuambia ordinateri ya motere: ongeza, punguza. Motokari nyingi zina sonda ya pili nyuma ya katalizeri, nayo inachunguza kama katalizeri inafanya kazi.

3. HISTORIA KIDOGO

Eugène Houdry, injenieri Mfaransa aliyekwenda kukaa Marekani, ndiye mmoja wa waliotangulia kutengeneza katalizeri ya motokari, katika miaka ya 1950. Lakini ilishindwa kuenea sababu ya jambo moja: zamani esansi ilitiwa risasi ili motere isigonge. Risasi ile inapaka madini ya katalizeri kama mtu anavyopaka chokaa juu ya ukuta, na kazi inakwisha. Marekani walianza kuziweka katika motokari mpya nyingi za mwaka 1975, pamoja na kuuza esansi isiyo na risasi. Ulaya ililazimisha kwa motokari mpya za esansi kati ya 1992 na 1993.

Hapa kuna jambo ambalo lilitufungua macho. Mafundi wengi wakubwa wa kwetu wanasema: «Motokari ikifika toka Ulaya, kitu cha kwanza toa katalizeri.» Tulifikiri ni ujinga tu. Kumbe shauri hilo lilikuwa na maana wakati wake! Katika miaka ya 1990 esansi ya Afrika karibu yote ilikuwa na risasi, na katalizeri ingekufa tu. Lakini inchi za Afrika kusini ya Sahara ziliacha esansi ya risasi mpaka mwanzo wa 2006, na mwaka 2021 Algeria, iliyobaki ya mwisho duniani, iliacha pia. Sababu ya shauri ilikufa, lakini shauri lenyewe linaendelea kutembea. Wakubwa wetu hawakukosa. Sisi ndio tunaokosa tukirudia maneno bila kuuliza yalizaliwa juu ya nini.

4. KWA SABABU GANI INAZIBA?

Hili ndilo swali la kwanza la mwalimu. Jibu ni kwamba katalizeri haijiui. Inauawa na motere. Hizi ndizo njia za kawaida:

Kwanza, cheche zinazokosa. Buji ikiwa mbovu, ao waya wake umepasuka, ao bobini imechoka, esansi ya silinda ile haichomwi. Inatoka nzima, inafika katalizeri iliyo moto, na kuwakia mle. Joto linapita digri 1000. Likifika 1400 hivi, lile jiwe linayeyuka kama mshumaa, na matundu yanafungana. Hii ndiyo njia ya haraka kupita zote: cheche zikikosa sana wakati wa mwendo mkali, hata dakika chache zinaweza kutosha.

Pili, esansi nyingi kupita kipimo. Injekteri inavuja ao sonda ya mbele imekufa na inadanganya ordinateri. Masizi meusi yanajaa matunduni.

Tatu, motere inayokula mafuta. Mkiona moshi wa buluu, mafuta yanapita kwenye segmenti ao kwenye vali. Fosforo na zinki zilizo ndani ya mafuta zinafunika madini.

Nne, maji ya radiateri yanayoingia ndani ya silinda sababu jointi ya kichwa cha motere imeungua. Dawa zilizomo ndani ya maji yale zinabaki kama ganda juu ya jiwe.

Tano, kugongwa. Katalizeri iko chini, na barabara zetu mnazijua. Jiwe likivunjika, vipande vinageuka na kufunga njia.

Basi mtu akikata katalizeri na kuacha sababu, amefanya nini? Amemtoa maiti nyumbani na kumwacha muuaji ndani. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Cheche zitaendelea kukosa, esansi itaendelea kumwagika kwa bomba, na kesho utaanza kulia juu ya matumizi.

5. DALILI

Motere inawaka vizuri lakini haina nguvu, zaidi kwenye kilima ao ukiwa na mzigo. Mwendo unakataa kupanda. Chini kunakuwa na joto kubwa. Usiku unaweza kuona kopo linakuwa jekundu. Harufu ya mayai yaliyooza, inayotoka kwa kiberiti kilicho ndani ya esansi. Ukigonga kopo likiwa baridi kwa nyundo ya mpira, linalia kama kibuyu chenye mbegu. Ikiziba kabisa, motere inawaka na kuzima palepale, sababu mtu hawezi kuvuta hewa mpya kama hakutoa ile ya zamani.

Lakini angalia sana! Chujio la esansi lililoziba linaleta udhaifu uleule. Pompa ya esansi iliyochoka vilevile. Chujio la hewa lililojaa vumbi vilevile. Hata kopo la nyuma la kelele linaweza kuporomoka ndani na kufunga njia. Kwa hiyo kugonga mara moja kwa ufunguo na kusema «katalizeri imeziba» si kupima. Ni kubahatisha, hata kama umebahatisha sawasawa.

6. GINSI TULIVYOPIMA

Mwalimu alichukua sonda ya zamani iliyokufa, akaitoboa katikati na kuchomelea kibomba cha shaba. Tulifungua sonda ya mbele ya minibusi, tukafunga ile iliyotobolewa pahali pake, tukaunga manometri ndogo kwa mpira mrefu, mbali na joto. Kisha tukawasha motere.

Kanuni ni hii. Motere ikiwa polepole, msukumo wa moshi usipite 0,1 bari. Ikizunguka mara 2500 kwa dakika, usipite 0,2 bari. Ili mfahamu: 0,1 bari ni sawa na uzito wa nguzo ya maji yenye urefu wa metre 1. Yaani hata motokari nzima inasukuma kidogo tu.

Yetu ilionyesha 0,25 motere ikiwa polepole, na kwa 2500 sindano ilipita 0,6. Hakukuwa na ubishi tena. Fundi wa mjini hakusema uongo: njia ilikuwa imefungwa kweli.

Wasio na manometri wanaweza kufungua sonda ya mbele na kuwasha motere kwa muda mfupi tundu likiwa wazi. Kama motere inapata pumzi mara moja, kizuizi kiko nyuma ya tundu lile. Lakini moto mkali unatoka pale. Waya na mipira isogezwe mbali, na isifanywe ndani ya nyumba.

Kisha tulirudi kwa swali la sababu. Tulitafuta silinda moja baada ya nyingine. Kwenye silinda ya 3 waya wa buji ulikuwa umepasuka, na gizani tuliona cheche zinarukia chuma badala ya kufika kwa buji. Waya mmoja! Bei yake ni ndogo kuliko debe la unga.

Mwalimu akauliza: «Na ile taa ya rangi ya chungwa haikuwaka?» Tulitazama mbele ya shofere. Juu ya taa kulikuwa na kipande cha plasta kilichobandikwa vizuri. Shofere, mzee tunayemheshimu, alisema bila kuficha: «Ilinisumbua macho usiku, toka mwezi wa pili.» Tulicheka, lakini si kwa muda mrefu. Sababu katika muhula uliopita sisi wenyewe, tukitaka kuonyesha wadogo wetu wa mwaka wa 3 ginsi ya kutafuta silinda mbovu, tulivuta waya za buji moja moja motere ikiwa inazunguka, ile minibusi ileile. Kila mara tulipovuta, esansi mbichi ilikwenda kwa katalizeri. Tena ni kwa kuvuta hivyo kwamba waya hupasuka. Hatuwezi kusema kwa hakika kama ni sisi, lakini hatuwezi kusema pia kama si sisi. Tumeandika hili ili wengine wasifanye vile.

7. KUITOA AO KUIACHA?

Sasa tumefika kwenye ubishi wenyewe. Darasani tuligawanyika mafungu mawili, na tunaweka maneno ya pande zote.

Waliosema itolewe walisema: Jiwe lililoyeyuka haliponi. Hakuna dawa ya kumimina ndani ya esansi inayoweza kufungua matundu yaliyoyeyuka. Dawa zile zinaweza kusaidia kidogo juu ya masizi tu. Katalizeri mpya ni bei kubwa. Masomo yanahitaji motokari ya kupeleka wagonjwa leo, si baada ya miezi mitatu. Motere itapata nguvu. Na motokari ngapi mjini zinatembea bila hiyo?

Yote haya ni kweli. Motokari yenye katalizeri iliyoziba itapata nguvu ikitolewa. Lakini mwalimu aliongeza: ukitoa katalizeri nzima, nguvu utakayopata ni ndogo sana hata usiione. Wanaosema «toa, itakimbia» wamejifunza kwa zile zilizoziba.

Waliosema isitolewe walisema: Tazameni minibusi yetu. Mpira wa mlango wa nyuma umekauka na una nafasi ya kidole. Watoto wanakaa pale. Mafundi wengi wanachomelea bomba tupu na kulikatisha katikati ya motokari. Moshi wa motere bila katalizeri unaweza kuwa na oksidi ya kaboni mara kumi na zaidi kuliko ule wa motere yenye katalizeri nzima, nayo haina harufu. Mgonjwa wa homa analazwa wapi? Kwenye kiti cha nyuma. Tutampeleka hospitali huku tukimtilia sumu. Tena, minibusi hungoja kila asubuhi mbele ya madarasa ya wadogo, motere ikiwaka.

Tena sonda ya nyuma itaona kwamba katalizeri haiko, na taa itawaka siku zote. Taa inayowaka siku zote ni sawa na ile yenye plasta: siku ya hatari ya kweli haitakuambia kitu kipya. Na yule anayesema «mbona wengine wanafanya» ajibu kwanza: moshi wa motokari elfu moja unakwenda wapi? Unakaa palepale wanapouza mama zetu, kando ya barabara, toka asubuhi mpaka jioni.

Katika Marekani na Ulaya sheria inakataza kuitoa, na motokari isiyo nayo inashindwa kwenye ukaguzi. Lakini zikichoka zinakuja kwetu. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitangaza mwaka 2020 kwamba kati ya 2015 na 2018 motokari ndogo za okazio milioni 14 zilitoka Ulaya, Japani na Marekani kwenda inchi nyingine, na karibu 40 kwa mia zilikuja Afrika. Nyingine zinafika zikiwa zimekwisha kutolewa katalizeri kabla ya kupanda meli.

8. NA KWA NINI BURE?

Hili ni swali la pili la mwalimu, na jibu lake sasa mnaliona. Platini, paladiumu na rodiumu haziyeyuki pamoja na kazi yao. Hata katalizeri iliyokufa, madini yake yangali ndani. Mwaka 2021 bei ya rodiumu ilipita dola 20.000 kwa onsi moja, yaani gramu 31 hivi. Tangu wakati ule imeshuka, lakini bado ni madini ya bei kubwa. Wanunuzi wanazunguka garaji, wanakusanya makopo haya na kuyapeleka ngambo, kwenye viwanda vinavyoyeyusha na kutoa madini.

Kwa hiyo fundi anayeitoa «bure» analipwa, lakini na mtu mwingine, kwa mali yako. Si kosa kuuza kitu kilichokufa. Kosa ni kumfanya mwenyewe asijue. Na hatari kubwa ni hii: anayepata faida kwa kutoa ataona kila katalizeri kuwa imeziba, hata iliyo nzima.

9. TULILOLIFANYA

Mbele ya prefe wa masomo, ekonome na shofere, tulikubaliana hivi. Tulibadilisha waya zote nne na buji zote nne. Tulihakikisha motere haili mafuta wala maji. Kisha tulifungua katalizeri. Upande wa mbele jiwe lilikuwa limeyeyuka na kushikamana kama sukari iliyoungua. Mwanga wa tochi haukupita. Ilikuwa imekufa, haikuwezekana kuirudisha.

Ekonome mwenyewe aliipeleka kwa wanunuzi watatu kabla ya kukubali bei. Pesa haikutosha kununua mpya, lakini ilisaidia sehemu, na kamati ya wazazi iliongeza iliyobaki. Majuma matatu tukingoja mpya ifike, minibusi ilitembea na bomba tupu. Hatufichi hilo. Lakini tuliweka sharti: bomba lifike mpaka nyuma kabisa na kupita mwisho wa motokari, mpira wa mlango ubadilishwe, vioo viwe wazi, motere isiachwe ikiwaka kwenye kiwanja, na isitoke ila kwa ugonjwa. Mpya ilipofika tulipima tena: 0,05 polepole, na 0,12 kwa 2500. Plasta tulibandua sisi wenyewe, na shofere alitaka aibakize. Iko sasa ndani ya daftari la motokari, chini yake ameandika tarehe.

Basi jibu letu ni hili. Katalizeri nzima isitolewe hata siku moja. Iliyoziba isitolewe kabla ya kupima na kujua sababu. Iliyokufa kweli itolewe ili ibadilishwe. Bomba tupu ni gongo la mgonjwa. Si mguu wake.

10. MASHAURI MAFUPI

Usivute waya za buji motere ikizunguka. Usisukume mara kwa mara motokari yenye katalizeri ili iwake, tengeneza betri. Usifunike taa. Wakati wa kiangazi usisimamishe motokari juu ya majani makavu, sababu kopo la moto linaweza kuyawasha. Ukitoa jiwe lililovunjika, funika pua na kinywa, vumbi lake na la kitambaa kinacholizunguka vinaumiza mapafu. Motokari za mazutu za zamani hazina katalizeri. Mpya zinayo pamoja na chujio la masizi, na hilo litakuwa somo lingine.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Katalizeri na chujio zina tofauti gani?
2. Kwa sababu gani shauri la kutoa katalizeri lilikuwa na maana katika miaka ya 1990, na leo halina?
3. Taja vitu vitatu vinavyoweza kuleta dalili zilezile za katalizeri iliyoziba.
4. Manometri inaonyesha 0,08 bari polepole na 0,15 kwa 2500. Motokari haina nguvu. Utatafuta wapi?
5. Nguzo ya maji ya metre 2,5 ni sawa na bari ngapi?
6. Jadilianeni: fundi anakuambia atakufanyia kazi bure. Utamuuliza nini?

Majibu yaletwe kwa mwalimu wa mekanike kabla ya Jumamosi. Wa darasa lolote anaweza kujaribu, hata wa pedagojia. Na mtakapopanda minibusi, tazameni mbele ya shofere. Mkiona taa ya rangi ya chungwa, msinyamaze.